Tulipovuka Jipe kwa Turubai

Mwezi uliopita nilikuwa Tunduma, nikisubiri lori lenye mzigo wangu wa vitenge lipite forodhani, nikamwona fundi mmoja ametandaza turubai kuukuu kando ya barabara, anaipaka rangi ya mafuta. Upepo uligeuka ukaniletea ile harufu. Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi mpaka wenzangu wa biashara wakadhani nimeugua.

"Mama Voi, vipi? Umepatwa na nini?"

Niliwaambia ni harufu tu. Wakacheka, wakaendelea kubishana na dereva. Ningewaelezaje kwamba mimi nilivuka mpaka mara ya kwanza ndani ya harufu hiyo, miguu imenyooshwa mbele, makalio yamelowa, sina hata ndala?

Nilizaliwa Voi, katika nyumba za reli. Nyinyi wa rika langu mliokulia pale mnajua maji yalikuwa kitu gani. Yalikuwa kitu cha kupangiwa foleni, cha kubebwa kichwani, cha kupimwa kwa kata. Nguo zikishafuliwa, maji yale yale yanapiga deki, na yakimaliza kupiga deki yanamwagiwa mpapai. Nilikuwa sijawahi kuona maji yamekaa tu, hayana mwenyewe. Kisha baba, aliyekuwa mtu wa gengi ya kutengeneza reli, akahamishiwa Taveta, na sisi sote tukapanda gari moshi na godoro letu, kuku wetu, na Nyanya.

Nyanya alikuwa mama yake baba. Alitoka Bura, milimani Taita, kwenye ukungu na kabichi, na hakuipenda Taveta hata siku moja. Alisema jua la pale halina adabu. Lakini alikuwa mjane na baba ndiye kifungua mimba wake, kwa hiyo alikuja nasi. Mtoto wake wa mwisho, Baba Mdogo Mwambi, hakuwepo. Mwambi alikuwa ameondoka kabla sijajua kusema vizuri. Nilichokuwa nacho juu yake ni mambo mawili: kwamba alikuwa na jino la mbele lililovunjika, na kwamba aliweza kupiga mluzi sauti mbili kwa pamoja. Nyumbani jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na mgonjwa aliyelala. Nikiuliza yuko wapi nilijibiwa neno moja. Yuko ng'ambo.

"Ng'ambo ni wapi?" nilimuuliza mama siku moja tukianua nguo.

Mama, mdomo umejaa vibanio, alinyoosha kidole kuelekea kusini, kwenye ile milima ya bluu ya Upare. "Kule. Ukivuka Ziwa Jipe."

Basi nikajua. Watu wazima husema maneno machache na mtoto hujaza yaliyobaki. Nilijaza kwamba ng'ambo ni kijiji kimoja, chini ya milima ile, na kwamba wote waliowahi kuondoka makwao na wasirudi wanakaa humo, wamejenga jirani kwa jirani, wanapika, wanasubiri mtu wa kuwafuata. Sikuona ajabu yoyote isipokuwa moja: kwa nini hakuna aliyekwenda kumchukua Baba Mdogo ilhali milima yenyewe inaonekana?

Mwaka huo huo ndipo Mwalimu Okelo alipoanzisha kile tulichokiita shule ya kayaki. Yeye alikuwa Mjaluo, alikulia kando ya ziwa kubwa kule magharibi, akaletwa Taveta kufundisha hesabu. Alipogundua kwamba kuna ziwa karibu na kwamba watoto wa darasa lake wanaogopa maji yanayozidi magoti, aliona ni aibu iliyompata yeye binafsi. Kayaki, mitumbwi myembamba ya kupiga kasia, alikuwa amejifunza chuoni, kuziunda na kuziendesha. Alitupanga baada ya masomo nyuma ya karakana ya shule. Tulikata mbao nyembamba, tukazikunja kwa mvuke wa sufuria zikawa mbavu, tukavuta turubai juu yake na kuigonga misumari midogo midogo, kisha tukapaka rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka, mpaka kichwa kikauma kwa harufu. Ili kujua kama inavuja hatukuipeleka majini. Tuliinyanyua juu ya mawe, tukaijaza maji kwa ndani, na tukalala chini yake chali kutafuta tone.

"Maji haina ubaya," Mwalimu Okelo alikuwa akituambia. "Maji iko na sheria tu. Ukijua sheria yake, inakubeba. Ukijifanya mjuaji, inakuweka chini, na haikuombi msamaha."

Kuogelea tulijifunza kwenye chemchemi za Njoro, penye maji meupe unayoweza kuona vidole vyako. Jumamosi tulidandia lori la mkonge lililoteremka mashambani, tukafika Jipe. Vyombo vyetu vilikuwa vyembamba, vimefunikwa juu, vina tundu la kuingilia, kwa hiyo wavuvi wa pale walivipa jina la viatu. "Watoto wa viatu wamekuja!" walikuwa wakiitana. Kila kayaki ilibeba watu wawili. Mimi nilipangwa na Kilonzo, mtoto wa Mkamba mmoja mwenye duka la baiskeli, kijana mwenye mikono mirefu na mdomo mrefu zaidi. Hakufurahia kupangwa na msichana na hakuficha.

"Binti Reli," aliniita, "wewe umezoea gari yenye haiwezi kukata kona. Hapa utatuangusha."

"Wewe piga kasia," nilimjibu. "Mdomo hausukumi."

Kufikia mwisho wa muhula wa pili tulikuwa tunakwenda sawa kama mguu wa kushoto na wa kulia, ingawa yeye hakukiri. Ndipo Mwalimu Okelo akatangaza kwamba ameongea na mwalimu wa shule ya upande wa pili, wenye mamlaka wameruhusu, na tutavuka kwenda Tanzania kuwatembelea wanafunzi wenzetu, tulale huko, turudi kesho yake. Watoto wakapiga kelele. Mimi sikupiga. Nilikuwa tayari namwona Baba Mdogo amekaa mlangoni, anapiga mluzi.

"Nchi ya ng'ambo!" nilimwambia Kilonzo.

"Ng'ambo gani?" alisema. "Ng'ambo yenye unaiona kutoka kwa choo ya shule?"

Kulikuwa na sharti. Mwalimu Okelo hakutaka karatasi ya mzazi. Alisema karatasi haiogopi maji. Alitaka mkubwa wa nyumba aje mwenyewe ziwani asubuhi ya safari, ayaangalie yale maji, akiangalie kile chombo, na aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali.

Baba alinisikiliza akiwa anavua viatu vyake vya kazi. "Mimi sina neno," alisema. "Lakini mkubwa wa nyumba hii si mimi. Kuvuka maji kwenda huko ni jambo la Nyanya yako."

Nyanya alikuwa uani anapepeta mahindi. Hakuinua uso. "Siwezi," alisema.

Hakusema sitaki. Alisema siwezi, na mimi sikuitambua tofauti. Nilisikia mlango umefungwa. Nilimbembeleza asubuhi ile iliyofuata, na iliyofuata tena. Niliamka kabla yake nikawasha moto. Nilichota maji kabla ya kuagizwa. Nilimkanda miguu, nikamsomea Biblia mpaka sauti ikakauka, nikichagua kwa makusudi zile sehemu watu wanazovuka maji na wanafika salama. Alisikiliza, akaitikia amina, na nilipofunga kitabu akasema, "Siwezi, mama. Moyo wangu bado una moto. Mtu hamruhusu mtoto aende safari moyo ukiwa na moto."

"Nimekukosea nini, Nyanya?"

"Si wewe."

"Basi nani?"

Akachukua ungo wake, akaenda uani. Siku moja kabla ya safari nilikata tamaa ya kubembeleza, nikasema lile nililokuwa nimelificha. Nilimsimamia mbele, mikono kiunoni, kama mtu mzima.

"Unaogopa sitarudi. Mimi nitarudi. Na nitarudi na Baba Mdogo Mwambi. Nitamtafuta nyumba kwa nyumba, na nikimpata nitamwambia unamwita."

Ungo ulitulia mikononi mwake. Aliniangalia, macho yake mekundu kwa moshi au kwa jambo jingine, kisha akainuka, akaingia ndani, na hakutoka kula. Mama alinifinya sikio. "Umemwambia nini mama wa watu?" Sikulala vizuri. Nilijua nimeharibu, na nilijua pia kwamba nitakwenda ziwani hata kama ni kusimama tu ukingoni na kuwatazama wengine wakivuka. Nilivaa sare yangu, nikafunga mkate kwenye kitambaa, nikachukua na sweta nzito ya mama, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba ng'ambo ni baridi.

Nilipofika penye lori, Nyanya alikuwa amekwishafika. Alikaa mbele pamoja na dereva, leso mbili mabegani, kibuyu kidogo mapajani, anatazama mbele kama mtu anayepelekwa hospitali. Hakusema nami njia nzima. Mimi nilikuwa nyuma juu ya magunia, pamoja na kayaki na Kilonzo na kelele zote.

Ziwani wazazi walipita mmoja mmoja. Baba yake Kilonzo alipiga turubai konzi, akasema, "Kama baiskeli tu. Wacha aende." Mwanamke mmoja kutoka Mahoo alilia, akakubali akilia. Zamu yetu ilipofika Nyanya alisimama ukingoni na kuyaangalia maji, kisha milima, kisha maji tena. Mwalimu Okelo alimsubiri. Kila mtu alimsubiri.

Akafungua kibuyu. Akatia maji kinywani, akageuka kwangu, na bila kunionya akayapuliza, fyuuu, yakanipata usoni, shingoni, kwenye sare niliyoinyoosha kwa pasi ya makaa. Akatia tena akapuliza kuelekea ziwani. Alikuwa akisema maneno ya Kidawida, lugha ya kwao milimani, kwa haraka na kwa sauti ya chini, nikashika machache: nenda kwa amani, rudi kwa amani, kilichokuwa moyoni kimetoka. Alitaja jina langu. Halafu alitaja jina la Mwambi, na sauti ikamkatikia hapo, ikabidi aanze upya.

Wenzangu hawakusikia hayo. Waliona bibi kizee anamtemea mjukuu wake.

"Ametemewa mate! Binti Reli ametemewa!" Kilonzo alijikunja kwa kicheko.

Mimi mwenyewe sikuwa na maana nyingine ya kuyapa maji yale. Tulikuwa watu wa kanisa, wa nyumba za reli. Mambo ya milimani yalibaki milimani, na hakuna aliyekuwa amenieleza. Nilijua jambo moja tu, kwamba mtu akikutemea amekukataa. Nilifuta uso kwa kiganja. Nikaona kwamba Nyanya amekuja njia yote ile kunikana mbele ya watu kwa sababu nilithubutu kulitaja jina la mwanawe.

Mwalimu Okelo alikuwa amevua kofia. "Nyamaza, Kilonzo," alisema, na hakuwa na kawaida ya kusema kwa ukali namna ile. Akamgeukia Nyanya. "Mama, umekubali?"

"Nimekubali," Nyanya alisema.

Hilo nalo sikulielewa. Amenikataa na amekubali. Niliingia kwenye kayaki bila kumuaga, nimeuma meno, na nilichokuwa nacho kifuani kilitosha kusukuma meli. Nitavuka, nilijiambia. Nitamleta mwanao, nitamsimamisha mbele yako, halafu tutaona utamtemea nani.

Mvuvi mmoja alitangulia na mtumbwi wake, akitusukumia njia kwenye matete kwa upondo. Mafunjo yalikuwa marefu kuliko nyumba, ndege wamejaa ndani wanagombana, na mahali fulani upande wa kulia kiboko alikoroma, tukaacha kupumua wote kwa pamoja. Kisha matete yakaisha. Mbele yetu yakabaki maji matupu na milima ya Upare, na milima haikuwa ya bluu tena. Ilikuwa ya kijani, ina migomba, ina mabati yanayometa.

Upepo wa Jipe huamka jua likipanda. Sisi tulichelewa kuanza kwa sababu ya wazazi, kwa hiyo ulitukuta katikati. Mawimbi hayakuwa makubwa, lakini kayaki iko chini sana, wimbi dogo linakufikia kifuani. Tulikuwa tumebaki nyuma kidogo ya wengine niliposikia makalio yanalowa kuliko inavyostahili.

"Maji inaingia," Kilonzo alisema. Sauti yake haikuwa na mzaha wowote. "Binti Reli, maji inaingia huku kwa mguu wangu. Mshono umeachana."

"Piga kasia."

"Nainua kasia mwalimu atuone. Anaturudisha."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: chombo chenye shida kinainua kasia juu, na kinarudishwa kilikotoka. Nilikuwa nyuma yake. Niliona bega lake linaanza kuinuka, nikalikamata kasia lake kwa mkono mmoja nikalishusha.

"Huinui kitu. Tumevuka nusu. Nyuma ni mbali kama mbele."

"Tutazama!"

"Sogeza mguu." Nilifungua sweta ya mama niliyoifunga kiunoni, nikampa kwa mbele. "Ingiza hapo kwa mshono. Sindilia. Kanyaga kwa kisigino, na usiondoe kisigino."

"Sweta ya nini kwa jua hili?"

"Kanyaga, Kilonzo!"

Alikanyaga. Maji yakapungua kuingia, hayakukoma. Yeye alipiga kasia kisigino kimekaza, mimi nikapiga, na nilipochoka nilitazama mabati yale yanayometa na kuchagua moja, nikasema ile ndiyo nyumba yake. Mikono ilikuwa si yangu tena. Kilonzo alianza kuhesabu kwa Kikamba, kwa sauti, kama anayefukuza mbwa, na mimi nikafuata hesabu yake bila kujua namba zenyewe. Tulipoingia kwenye matete ya upande wa pili maji yalikuwa yamefika kiunoni ndani ya kayaki. Mwalimu Okelo aliona, akatazama mshono, akatazama sweta, akatufokea mpaka ndege wakaruka. Alisema tungekuwa maiti wawili wajinga. Alikuwa na haki. Lakini tulikuwa ng'ambo.

Walikuja kutupokea wakiwa wamejipanga, sare zimefuliwa, wakaimba. Baada ya wimbo kiranja wao alisogea na kusema, "Ndugu wanafunzi, karibuni sana, poleni na safari, tunafurahi mno kuwaona." Sisi tukatazamana. Kiswahili chao kilikuwa laini kama uji uliokorogwa vizuri, na cha kwetu, tulipojaribu kujibu, kilisikika kama mtu anatafuna changarawe. Kilonzo, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, alisema "Asante" na akaishia hapo. Walitupa ndizi za kuchoma na samaki. Nilikula haraka, nikafuta mikono kwenye majani, nikaenda kazini.

Nilianza na wasichana walionipa ndizi. Mnamjua Mwambi? Hawakumjua. Nikaenda nyumba ya kwanza nyuma ya shule, nikapiga hodi. Nyumba ya pili. Kwenye ya tatu mzee mmoja alikuwa anasuka mtego wa samaki. "Shikamoo, babu. Namtafuta Mwambi wa Bura. Ana jino limevunjika hapa mbele." Mzee akafikiri kwa uungwana, akaniuliza Bura ni wapi.

Mwalimu wao mwenyeji, mama mmoja mrefu aliyeitwa Bi Namsifu, alinikuta nikielekea nyumba nyingine. Nilidhani atanifokea kwa kuzurura. Aliniuliza natafuta nini, nikamweleza yote, kwa haraka, jino na mluzi na mama yake aliye Taveta. Hakucheka. Alinishika mkono, tukapanda kilima nyuma ya shule, kupitia mashamba ya mihogo, mpaka mahali ambapo milima inaachana na unaona upande wa pili.

Nilitegemea kuona mwisho wa kijiji. Niliona uwanda uliokuwa hauna mwisho. Moshi wa gari moshi, mdogo kama uzi, ulikuwa unakwenda.

"Lile linakwenda Same," alisema Bi Namsifu. "Baada ya Same kuna Mombo, kuna Korogwe, kuna Tanga. Mashamba ya mkonge kila mahali, na wanaume kutoka kila mahali. Ukishuka njia nyingine kuna Morogoro. Kutoka Morogoro mtu anaweza kusafiri siku na siku na bado hajatoka nchini."

"Na kote huko ni ng'ambo?"

"Kote huko ni Tanzania, mwanangu. Sisi tukisema ng'ambo, tunamaanisha kwenu."

Nikageuka nikatazama tulikotoka. Ziwa lilikuwa chini, dogo, na nyuma yake ilikuwepo Kenya, tambarare na kijivu na joto, na mbali sana vilima vya Taita, vya bluu. Ni kweli. Ukisimama pale, ng'ambo ilikuwa huko.

Kisha akaniuliza jambo, na sauti yake ilibadilika ikawa kama yangu. "Umesema ulizaliwa Voi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nina kaka alivuka kwenda huko. Alisema anakwenda kutafuta kazi ya reli, Voi. Anaitwa Elia. Mweusi, mfupi, anapenda kuvaa kofia." Alijaribu kutabasamu. "Hukuwahi kumwona?"

Nilifikiri kwa uaminifu. Nilipita kila mlango wa nyumba za reli kichwani mwangu, foleni ya bomba, kanisa, soko, stesheni siku ya gari la abiria, wanaume na kofia zao.

"Voi ni kubwa, Mwalimu," nilisema.

"Najua," alisema.

Tukashuka. Huwa najiuliza kama mtu hukua polepole kama wanavyosema, au kama kuna kilima mahali ambacho unakipanda mtoto na kukishuka umekuwa mtu mwingine. Sikulia. Nilikuwa na hasira na ukubwa wa dunia, na nilikuwa na hamu ya kuiona yote, na vitu hivyo viwili havijawahi kuachana ndani yangu.

Habari ya maji ya Nyanya nilikuja kuelezwa na baba baadaye sana, nilipokuwa sekondari, tumekaa kwenye toroli la reli tunakula miwa. Aliniambia milimani kwetu kupuliza maji vile huitwa kutasa. Mkubwa akiwa na hasira moyoni, hasira ile inaweza kumdhuru aliyemkasirikia popote alipo, hata kama mwenye moyo hataki. Kwa hiyo hutia maji au maji ya muwa kinywani, akayapuliza nje, na hasira ikatoka nayo. Lakini haiwezekani kudanganya. Ukipuliza maji na hasira imebaki, umefanya vibaya kuliko kutopuliza. Mwambi aliondoka baada ya ugomvi. Alimwomba mama yake ambariki kwa safari, na Nyanya, kwa uchungu, akafunga mdomo. Miaka yote ile ambayo Mwambi hakuonekana, Nyanya aliamini ni mdomo wake ndio uliomfungia njia. Na hakuweza kunibariki mimi bila kumsamehe yeye, kwa sababu moyo ni mmoja na maji ni yale yale. "Ulipomwambia utamleta," baba alisema, "alikesha. Asubuhi aliniambia, nipe kibuyu."

Bi Namsifu hakusikika tena. Mpaka ule ulikuja kufungwa miaka michache baadaye, ukakaa umefungwa, na kayaki zetu zikaoza nyuma ya karakana. Ulipofunguliwa nilikuwa mtu mzima mwenye mzigo wa kuuza, na nilianza na Same, nikaenda Mombo, nikaenda Korogwe. Jamaa husema nina miguu isiyotulia. Sibishani nao. Kila mji mgeni ninaofika, nikishapata mahali pa kulala, huuliza.

Lakini siku ile ya kurudi sikuwa nayajua haya. Tulivuka asubuhi mapema kabla ya upepo, mshono umezibwa kwa lami na mvuvi wa Kipare, Kilonzo mbele yangu. Katikati ya ziwa alisema, bila kugeuka, "Hukumpata."

"Sikumpata."

"Tungerudi jana haungejua hata hiyo." Akapiga kasia kidogo. "Wewe ni kichwa ngumu, Binti Reli. Nikivuka tena, navuka na wewe."

Tulipotoka kwenye matete nilimwona Nyanya. Hakuwa amerudi Taveta na lori. Alikuwa amelala kwa mke wa mvuvi, na sasa alisimama kwenye maji, yamefika kwenye vifundo vya miguu, yeye ambaye jana aliishia ukingoni, leso imelowa kwa chini. Wazazi wengine walikuwa wanaita majina ya watoto wao. Nyanya hakuita. Alikuwa anaangalia kayaki moja moja, ndani ya kila tundu, kana kwamba katika moja ya vile vyombo vyembamba ingewezekana mwanamume mzima amekaa amejikunja.

Nilitoka, miguu imekufa ganzi, nikasimama mbele yake. Njia nzima nilikuwa nimepanga kumwambia jinsi uwanda ulivyo mkubwa, na gari moshi, na Same na Tanga na Morogoro. Aliniangalia usoni, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili.

"Umemwona?"

Maneno yote niliyoyapanga yakaondoka, likabaki moja.

"Bado, Nyanya."

Alilisikiliza neno lile. Nililiona likiingia, likitafuta mahali pa kukaa. Kisha akaninyoosha kola ya sare, akakamua pindo la leso yake, akaanza kupanda kuelekea kwenye lori, na mimi nikamfuata.

"Haya," alisema bila kugeuka. "Utavuka tena lini?"